Saa Tano Angani, Chumbani kwa Mjomba Kombo

Wiki iliyopita nilifungua kasha la kompyuta ya marehemu mjomba wangu Kombo, na kabla sijaona kitu harufu ikanipiga: vumbi lililoungua, na karafuu. Chumba chake cha mbele pale Konde, kisiwani Pemba, kilitazamana na sakafu ya kuanikia karafuu, na feni ya mashine ile ilivuta vumbi la msimu baada ya msimu mpaka likagandamana ndani kama manyoya. Nilikaa na bisibisi mkononi, mtu mzima mwenye ndevu, na moyo ukaanza kunienda mbio kama wa mtoto wa miaka kumi ambaye mama yake yuko angani.

Wanaonijua wanajua nilikofika. Nilitoka Pemba na begi moja, nikafanya kazi mchana na kusoma jioni, nikapata stashahada yangu ya ufundi wa umeme bila ya mtu kunishika mkono, nikafanya kazi Bara na Ughaibuni, nikarudi kwa hiari yangu. Nyumba niliyoijenga ina chumba kimoja kisicholala mtu. Humo mna skrini tatu, usukani wa ndege, pedali za miguu na betri za kuhimili siku nzima bila ya umeme. Nimesharusha kutoka Unguja mpaka Istanbuli kitini pangu, saa kwa saa, bila ya kuharakisha hata dakika moja. Sijaona mwengine kisiwani aliyefanya hivyo, na nikimwona nitampa mkono. Watu wa rika langu wanaokuja kutazama huniuliza nimesomea wapi kazi hii. Huwaambia nimeisomea siku moja tu, na siku hiyo niliamini kwamba nimemuua mama yangu.

Kompyuta ile aliileta Mama Zuwena, dada mkubwa wa mama na wa Mjomba Kombo, aliyeolewa Maskati. Mjomba alikuwa fundi wa friji na redio. Aliitengeneza ilipoharibika njiani, na ndani yake akaikuta programu ya kurusha ndege ambayo watoto wa Mama Zuwena walikuwa wameichoka. Yeye hakuichoka. Alinunua kijiti cha kurushia, akajifunza peke yake, na jioni akinipakata mbele ya skrini alinifundisha majina ya saa zote zile zilizo mbele ya rubani: ya kimo, ya kasi, ya mafuta.

Kisha Mama Zuwena akapasuliwa tumbo, na kule hakuwa na mtu wa kumpa hata maji. Ikaamuliwa mama aende kumuuguza. Hakuwa amepanda ndege maishani mwake. Alipanda meli bandari ya Mkoani pamoja na baba, ambaye angemsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Unguja, na mimi nikaachwa Konde kwa mjomba, na bibi, na Raya, binti wa mjomba, aliyekuwa na miaka kumi na mbili na ulimi wa miaka arubaini.

Asubuhi ya safari Raya alishika ufagio. Bibi alitoka jikoni mbio.

"Weka chini! Wataka kumfagia shangazi yako?"

"Bibi, pachafu."

"Pachafu napawe. Msafiri hajafika, nyumba haifagiliwi. Utamfagia njiani ukamtupe wapi?"

Wasomaji wa umri wangu wamelelewa hivyo hivyo na hawatanicheka. Mtu akiwa safarini, kinachofanywa nyumbani kinamfikia. Nililijua hilo kama nilivyojua kwamba moto unaunguza. Kwa hiyo mjomba aliponikalisha mbele ya kompyuta saa tatu kasorobo, akaiweka ndege kwenye barabara ya kurukia ya uwanja wa Unguja na kuniambia, "Leo hatuchezi. Leo tunamsindikiza mama yako mpaka Maskati. Yeye akiruka na sisi twaruka, yeye akitua na sisi twatua," sikuhitaji maelezo zaidi. Ndege iliyokuwa kwenye skrini ilikuwa ndege ya mama.

Mjomba alianza na karatasi, si kijiti. Hapo ndipo wengi wanaoanza mchezo huu wanapokosea; wanataka kuruka kwanza. Safari ndefu huanzia kwenye karatasi. Aliandika maili za njia, akaandika mafuta ya safari, akaongeza ya kuzunguka kama uwanja haujawa tayari, akaongeza ya kwendea uwanja mwengine. "Mafuta uliyoyaacha chini hayakufai kitu," alisema. Akanipeleka chooni kwa nguvu, ijapokuwa sikuwa na haja. Nalo hilo ni somo.

Tuliruka saa tatu. Ndege nzito haikimbilii juu, kwa hiyo tulipanda kidogo kidogo, na baada ya muda pande la kijani likaja chini yetu.

"Hiyo ndiyo Pemba," akasema mjomba.

"Mbona Konde haimo?"

"Kompyuta yaijua Pemba kwa rangi tu. Nyumba walioitengeneza hawakuzipata."

Nilitoka mbio uani nikatazama juu. Palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, ukielekea kaskazini. Nikapunga mkono mpaka bega likauma, kisha nikarudi kitini nikiwa sina shaka hata chembe.

Mstari ule haujafutika angani, simu ya mjomba ikalia. Ilitoka Tumbe, kijiji cha wavuvi. Friji kubwa la wachuuzi wa samaki lilikuwa limezima na samaki wa watu ndani. Mjomba alikuna kichwa, akaitazama skrini, akanitazama.

"Ndege yajiendesha yenyewe sasa. Kazi yako ni kutazama na kuandika. Kila nusu saa andika maili zilizobaki na mafuta yaliyobaki. Ufunguo huu wa kuharakisha saa usiuguse. Nitarudi kabla ya saa saba."

"Na usiporudi?"

"Kimo chetu futi elfu thelathini na tano. Chukua thelathini na tano, zidisha mara tatu. Ngapi?"

"Mia na tano."

"Zikibaki maili mia na tano, anza kushuka taratibu. Lakini nitarudi."

Akachukua mfuko wa vyombo vyake, akapanda baiskeli.

Nikabaki peke yangu na mama yangu. Watu hudhani kazi ngumu ya safari ndefu ni kuruka na kutua. Kazi ngumu ni hapo katikati, pasipotokea kitu. Bahari ya buluu isiyo na wimbi, sindano zilizosimama, na feni ya mashine ikinguruma. Macho yanazoea, na yakizoea hayaoni. Ndiyo maana mpaka leo huandika kila nusu saa, hata kama vyombo vyangu vya kisasa vinajiandikia vyenyewe: mkono unaoandika huyalazimisha macho yatazame. Siku ile niliandika kwa penseli nyuma ya daftari la hesabu, na katika mara ya tatu niliona mafuta yanakwisha upesi kuliko karatasi ya mjomba. Upepo ulikuwa wa mbele. Nilirudia hesabu mpaka penseli ikatoboa karatasi. Akiba ilitosha.

Raya alikuja akasimama mlangoni na kipande cha muhogo.

"Hutaki kula?"

"Siwezi kuondoka."

"Hala hala usisinzie. Ukisinzia utamtumbukiza mama yako Somalia."

Alicheka, akaondoka na muhogo wake. Mimi sikucheka. Nilikamata ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Saa sita na nusu bibi aliita kutoka uani. "We rubani! Adhuhuri hiyo, njoo usali."

"Bibi, mie niko safarini. Naweza kupunguza rakaa?"

"Safarini wapi, na matako yako yako Konde! Rakaa nne, mwanangu, na zitimie."

Nikatandika mkeka palepale kando ya meza. Nilikuwa rakaa ya pili nilipoisikia feni ya darini ikipunguza mwendo, kisha ikasimama, na UPS, lile boksi la betri lililokuwa chini ya meza, likaanza kulia: pii, kimya, pii. Umeme wetu wakati ule ulikuwa wa majenereta ya kisiwani na ulikatika bila ya hodi. Boksi lile lilikuwa na dakika kumi. Sijawahi kusali kwa haraka kama ile, na sijawahi kuomba kwa dhati kama ile. Nilipotoa salamu nilipiga kelele.

"Raya! Umeme! Mama ataanguka!"

Nasema haki yake: Raya alikuja mbio na hakuuliza. Jirani yetu Bi Mkasi alikuwa na duka na jenereta dogo la friji la soda, na tayari tulilisikia likikohoa. Raya alivuta waya mrefu wa mjomba kupitia dirishani, mimi nikishika ncha nyengine, na boksi likaongeza kasi ya kulia, pii pii pii.

"Mwataka umeme wangu wa kuchezea?" Bi Mkasi alisema, akiwa kasimama mbele ya soketi na mikono kiunoni.

"Si mchezo, Bi Mkasi! Shangazi yuko juu!"

"Juu wapi?"

"Angani! Kasafiri leo, na hii ikizima anakuja chini!"

"Astaghafirullah! Chomekeni, chomekeni, mengine mtaniambia baadaye."

Mpaka leo sijui kama Raya alisema vile kwa kuamini au kwa kumtisha Bi Mkasi tu. Taa ya boksi ilirudi kijani. Skrini haikuzima. Bahari ilikuwa bado inapita chini yetu, na nililia kidogo bila ya kutoa sauti.

Saa saba ikapita. Mjomba hakurudi.

Kuna ufunguo katika programu ile ambao ukiubonyeza inahifadhi safari palepale ilipo, ukiharibu unarudi hapo. Mimi leo hubonyeza kila nusu saa, ninapoandika, na nakushauri nawe ufanye hivyo, maana saa nne za maisha yako si kitu cha kuachia waya wa jirani. Mjomba hakuwa amenionyesha. Pengine hakuwa ameujua.

Kwenye maili mia na sitini woga ulinishinda. Nilijiambia: mia na tano ndiyo hesabu, lakini nikichelewa je? Heri kuwahi. Nikaanza kushuka. Kasi ikapanda, nikarudisha nyuma mshiko wa nguvu za injini kama nilivyofundishwa, ikatulia. Nilikuwa naifanya vizuri, nasema kwa haki. Watu wazima wenye vyeti hawaifanyi vizuri hivyo mara ya kwanza. Nchi kavu ikatokea mbele, ya rangi ya biskuti, na moyo wangu ukashuka pamoja na ndege. Kwetu ukishaiona nchi kavu umeshafika. Pemba ina vilima ambavyo bibi yangu huvipanda na kuni kichwani. Mlima nilikuwa nimeuona kwenye kitabu cha darasa la tatu tu, na ule ulikuwa na theluji, kwa hiyo nilidhani milima yote ni myeupe na inaonekana kutoka mbali. Nilishuka mpaka futi elfu tano zikiwa zimebaki maili arubaini, nikanyoosha ndege kwa raha, kama mtu anayeingia kwao.

Mbele yangu kukawa na kitu cha kahawia kilichokunjamana. Nilidhani ni wingu la vumbi. Kikakua. Kikajaza skrini kutoka ukingo mpaka ukingo, na hapo ndipo nilipoona kina mawe.

Nilivuta kijiti kwa mikono miwili. Skrini ikatetemeka, ikaganda, kikatokea kisanduku kidogo cheupe chenye neno moja la Kizungu nililolijua, la kuanguka.

Jenereta la Bi Mkasi liliendelea kukohoa. Raya alikuwa mlangoni.

"Umemuua," alisema, na safari hii hakucheka.

Sikumbuki nilikaa vile muda gani. Nakumbuka nilitazama mikono yangu. Nakumbuka bibi alikuwa uani anachambua mchele na kuimba kaswida kwa sauti ndogo, na nilifikiria kwamba hajui, kwamba kuna mtu duniani ambaye bado ana binti yake mdogo, na nikifungua mdomo hatakuwa naye tena. Kwa hiyo sikuufungua.

Mjomba akaingia ananuka samaki, anajifuta jasho. Akaitazama skrini.

"Aa, umeupiga mlima! Si kitu. Hata mie nimeupiga mara mbili."

Nikamtazama, nikajiuliza mara mbili hizo alikuwa amewaua nani.

Hakupata nafasi ya kuuona uso wangu vizuri, kwa sababu simu yake ililia. Ilikuwa simu ya baba, lakini sauti iliyotoka, kubwa kiasi cha kujaza chumba, ilikuwa ya mama.

"Kombo? Assalamu alaykum."

"Waalaykumu salamu, dada! Mshafika?"

"Tumefika wapi? Tupo hapa hapa Unguja tangu asubuhi. Ndege imechelewa kuja. Ndiyo kwanza watwita tupande, n'kasema niwaage."

Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Ilinichukua pumzi moja kufurahi, na pumzi ya pili kuelewa kwamba hajaondoka, anaondoka sasa, na mlima uko palepale. Nikairukia simu.

"Mama usipande! Usipande! Itaanguka!"

Kaswida ikakatika uani. Bibi akaingia na ungo mkononi, mchele ukimwagika.

"Kasema nini?" Hakungoja jibu. "Kombo, ntoto kaona jambo. Mwambie arudi. Mwambie arudi kwake sasa hivi."

"Mama, mtoto huyu kaumia roho tu..."

"Ntoto hasemi hivyo bure! Arudi!"

"Na Zuwena? Katoka kupasuliwa, mama. Nani atamwinua kitandani?"

"Zuwena namlilia," bibi alisema, na kweli alikuwa analia, "na huyu pia nimemzaa mie."

Kwenye simu mama alikuwa amesikia kila kitu. Nilisikia sauti ya baba nyuma yake ikisema kwamba wanaita watu wa mwisho. Nikamsikia mama akivuta pumzi, pumzi ya mtu ambaye toka asubuhi amekuwa akitafuta sababu ya kutopanda na sasa amepewa. Nilielewa kwamba atarudi. Nilielewa pia, kwa namna mtoto anavyoelewa, kwamba Mama Zuwena atalala kule bila ya mtu, na sababu nitakuwa mimi.

Mjomba alichuchumaa mbele yangu, akanishikisha simu sikioni.

"Mwambie uliloliona. Kweli tupu."

"Mama," nikasema. "Nilikuwa nakuendesha mimi. Kwenye kompyuta. Nikakupiga mlima."

"Mlima gani?"

"Wa Maskati. Sikujua kama upo."

"Mjomba wako alikuwa wapi?"

"Tumbe. Friji la samaki."

"Ulikuwa peke yako? Kwa muda gani?"

"Tangu saa tatu."

"Umekula?"

"Bado."

Nilidhani atalia, lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa imetulia, sauti ileile ya kunituma dukani.

"Saa tano hukula kitu, na ukanifikisha mpaka Maskati?"

"Mpaka mlimani."

"Mpaka mlimani. Na mlima sasa si waujua ulipo?"

"Naujua, mama."

"Basi kale kwanza. Kisha kaa kitako, soma bismillahi, uwashe tena. Mie napanda."

Simu ikakatika. Bibi akainama kuokota mchele.

Nilikula muhogo na samaki nimesimama. Umeme ulikuwa umerudi. Mjomba alitoa ramani ya ukutani, tukauchora mlima kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya safari, urefu wake na maili zake kutoka uwanjani, na chini yake nikaandika kimo ambacho hatutashuka chini yake mpaka tuuvuke. Sijawahi tena kuruka safari yoyote, mpaka leo hii na skrini zangu tatu, bila ya kuandika mstari huo kwanza: kilicho kirefu kabisa karibu na ninakokwenda. Wanaotaka siri yangu, ndiyo hiyo. Uwanja wenyewe utauona. Jifunze kilichouzunguka.

Mjomba alikaa nami safari nzima, mikono yake mapajani. Raya aliandika mafuta kila nusu saa, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Tulipofika maili mia na tano, wala si mia na sitini, nilianza kushuka. Nje ya skrini na nje ya dirisha kulikuwa kumeshaingia giza, mlima hauonekani kabisa, na hilo lilikuwa la kutisha kuliko kuuona. Nilishikilia kimo changu, nikihesabu maili kwa sauti, na Raya akihesabu nami, mpaka mstari mwekundu wa kwenye karatasi ukawa nyuma yetu. Mjomba hakugusa kitu. Taa za barabara zikaja, mbili mbili. Tulitua kwa kishindo, tukadunda mara moja, tukakaa.

Simu iliita nikiwa bado naisogeza ndege pembeni mwa uwanja. Bibi alishika kifua. Mjomba alinyoosha mkono aipokee, na mimi nikamwambia asubiri kidogo, sijazima injini. Nilikuwa sina haja ya kuambiwa. Nilijua ameshafika, kwa sababu nilimfikisha mimi.